Jino la Tatu

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Wewe kifunguamimba kaa upande wa miguu, na wewe binti yangu, kitindamimba, nipe mkono. Redio izimeni. Mama yenu mwacheni huko jikoni, asiitwe mpaka niseme, kwa sababu nitakayoyasema yanamhusu, nami namwogopa. Ndiyo, namwogopa. Kufa pia naogopa, ila si kama ninavyomwogopa yeye.

Ya mali ni mafupi. Kibanda cha kazi, jiliwa la kubania vyuma, tupa zote za kuchongea na funguo zote zilizoning'inia ukutani ni vyako, mwanangu, kwa sababu mkono wako umekwisha kuwa wa fundi. Nyumba ni ya mama yenu, na asitokee mtu wa kumhamisha hata chumba. Kwako, binti yangu, kuna neno nililompa rafiki yangu mchomea vyuma, kwamba utaolewa na mwanawe mwezi ujao. Ulipoambiwa ulisema "sawa, baba," ukaendelea kukunja nguo. Ahadi ni deni, nami sijawahi kurudisha neno langu. Lakini ile "sawa" yako inanitisha, kwa kuwa niliwahi kuisikia kwa mtu mwingine.

Mama yenu nilipewa. Hatukuwa tumeonana hata mara moja, wazee walikaa, wakakubaliana, nikaletewa mke pamoja na onyo la baba yake: "Huyu hukimbia, mkwe wangu, ulinde mlango." Nikacheka mbele ya watu, kisha nikaenda kibandani nikachagua kitasa kizito kuliko vyote, nikakitia mlango wa mbele, na kila asubuhi nikienda kazini nikawa namfungia ndani. Siku ya saba aibu ikanishika. Nikamchongea ufunguo, nikamtilia kiganjani, nikamwambia, "Siku ukinichoka, fungua uende, sitakufuata." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Akautia uzi, akauvaa shingoni, na mpaka leo uko hapo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ule haukuwa ufunguo. Jino la tatu nililiacha juu kwa makusudi, bila kulimalizia kwa tupa, unene wa ukucha tu, ili yeye aone ana ruhusa na mlango usifunguke. Ni mimi niliyefanya hivyo, wanangu, mimi ambaye mtaa mzima unaapa kwamba hajawahi kumdanganya mteja.

Nilimfungia hadi wewe kifunguamimba ulipozaliwa, ndipo nikaacha. Tangu hapo sijapumua vizuri. Alicheka nami, aliniuguza, aliniita "fundi wangu" mbele ya dada zangu, na kila akicheka nilijiuliza: je, aliwahi kuujaribu? Kama aliujaribu ukagoma, basi miaka thelathini na nane ameishi na mwongo kwa kukosa njia, na yote niliyoyaita mapenzi ni mazoea ya mfungwa. Sikuthubutu kuuliza. Hata kile kitasa sikuthubutu kukibadilisha, majirani wakanicheka kwamba fundi wa kufuli ana mlango wa kutu.

Na jingine. Mwezi ule wa kwanza wa ndoa tupa yangu ndogo ilipotea humu ndani. Nikamsingizia baba yenu mdogo, aliyekuwa amekuja kutuona, nikamwita mwizi. Akavaa viatu vyake akaondoka, hajakanyaga hapa tena.

Sasa nenda, binti yangu. Mwombe mama ufunguo wake. Ufunge mlango wa mbele kwa ufunguo wangu huu, kisha ujaribu wake, nitausikia kutoka hapa. Mwanangu, nishike... Mama amesemaje? Amesema nimechelewa kuuliza? Haya. Funga. Tia wa kwake.

Umefunguka.

Rudia... Hebu ulete, na miwani yangu. Wewe fundi, tazama lile jino la tatu: mistari ya tupa inalalia upande gani? Mimi ni wa mkono wa kulia. Hii ni ya mtu wa kushoto. Nani humu ndani hukata vitunguu kwa mkono wa kushoto? Na imelainika, ni ya zamani sana. Basi mdogo wangu hakuiba. Mama yenu ndiye aliyeichukua ile tupa, mwezi ule ule wa kwanza. Sijui alijuaje ni jino lipi, siku zote amenishinda akili. Njia alikuwa nayo, wanangu. Na jioni nikirudi nilimkuta ndani. Kila jioni.

Sikilizeni, pumzi inapungua. Msije mkasema wazee walichagua vizuri. Wazee walinichagulia mke. Aliyenichagua mimi ni yeye, na alinichagua ufunguo ukiwa shingoni. Mwanangu, kesho nenda kwa mchomea vyuma, mwambie nimerudisha neno langu, na akikasirika, alikasirikie kaburi langu. Binti yangu, ukimtaka yule kijana umtake mwenyewe. Usipomtaka, sema hapana, tena kwa sauti. Kisha nendeni kwa baba yenu mdogo, mkampigie magoti kwa niaba yangu.

Mungu awalinde. Awape nyumba... ambazo mtu anaweza kutoka... na asitake.

Sasa mwiteni. Mwambieni bado naogopa... aje anishike. Na huo mlango... msiufunge.