Machano Mjaka na Kioo Alichonyimwa

Wazee wetu, jamaa na majirani mliokuja kumsomea hitma, na wewe Bwana Mkadam uliyechagua kukaa mbele, familia inaomba msikilize maisha ya Machano Mjaka kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Mkokotoni tarehe 3 Machi 1919, akasoma chuoni hadi akahitimu msahafu, kisha akasoma skuli mpaka darasa la nne, mwaka 1936 akaja mjini kuwa utingo, na tarehe 9 Juni 1941 akapata leseni, akaendesha gari la abiria la Bwana Mkadam mpaka mauti yalipomfika. Mwaka 1944 alimuoa Bi Mwanapili wa Mangapwani, Mungu akawajaalia Mize na Mabrouk. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika miaka yote ya udereva hakukanyaga hata kuku wa mtu.

Mwezi wa Mei mwaka huu lori lilirusha jiwe likapiga kioo cha mbele cha gari lile. Machano hakuwa mtu wa kulialia. Alama ndogo ya pembeni, akisema, unaivumilia huku unaichunga, lakini ufa ukifika ukingoni kioo kimeshalegea, na ukipita mbele ya macho ya dereva jua la alasiri linaugeuza mweupe, huoni kitu, basi hapo hakuna subira, kioo kinatolewa. Kufika Julai ufa ulikuwa umefanya yote mawili. Akamwendea Bwana Mkadam, naye akamjibu mbele ya abiria, "Nnakulipa uangalie njia au uangalie kioo?" Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, naye akauziba, kwa karatasi yenye aya, akijua fika kwamba Machano, mtu wa swala tano, hataibandua. Aya haina kosa, jamani, kosa ni la aliyeifanya kiraka cha ubahili wake.

Jumatano tarehe 14 Agosti 1957, alasiri, marehemu aliingia njia ya Mangapwani jua likimkabili, hakuliona shimo lililofichwa na ile karatasi, gurudumu likatumbukia, kioo chote kikamwagika ndani kikamkata uso na shingo, naye huku damu inamziba macho akashika breki mpaka gari likasimama, abiria wote wakashuka wazima. Alifariki hospitali Jumamosi tarehe 17, akazikwa siku hiyo hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania roho yake, majirani waliopika na kulia pamoja nasi, utingo wake Kificho aliyempakata njia nzima, na madereva wenzake waliobeba jeneza.

Bwana Mkadam, kioo kipya ulichotia Jumapili tumekiona, ni kizuri. Wazee uliowatuma ili tutangaze hapa kwamba umesamehewa, tumewasikia pia. Lakini radhi uliiomba mwenyewe kitandani kwake, Bi Mwanapili akiwepo, marehemu akakusikia, ukarudia, akageuza uso ukutani. Radhi ilikuwa yake, ameondoka nayo, na sisi hatuna ya kukupa.

Machano, pumzika kwa amani.