Jina la Monica kwenye Jetski ya Khalfani

Kijiwe chetu cha Mbweni kina benchi moja la mbao na ndoo mbili za rangi zilizopinduliwa. Kahawa naleta mie, nikishafua na kupika. Jumamosi ile nilifika nikakosa hata pa kuweka jiko, kwa sababu Khalfani alikuwa ameegesha tela mbele ya benchi, na juu ya tela kuna jetski, ile pikipiki ya kukimbia juu ya maji. Khalfani ni dereva wa ofisi moja mjini. Jetski ameinunua imeshatumika, anataka aache udereva awe anazungusha wageni ufukweni. Mkewe, Najma, alishamwambia hataki maneno: ataiona kwanza, ndipo aseme ndiyo au hapana. Angekuja alasiri.

Shida ilikuwa plastiki. Ubavuni ilikuwa nyeusi zamani, jua likaipausha mpaka ikawa rangi ya majivu. Hilo lingevumilika. Lakini mwenyewe wa kwanza alibandika stika ya jina, na Khalfani alipoibandua, pale palipokuwa pamefunikwa pakabaki peusi vilevile. Kwa hiyo chombo chote kimepauka, isipokuwa herufi kubwa zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara: MONICA.

— Na nilishamwahidi Najma nitaiandika jina lake, Khalfani alisema, kitambaa mkononi.

Mzee Mfaume, tunayemwita Waziri kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea tamko, akaagiza mafuta ya nazi. Nikaenda kuleta ya kwangu, maana nilijua hawatanyamaza. Khalfani akapaka, ubavu mzima ukameta, Monica akapotea kabisa. Wakapeana mikono kama waliofunga goli. Nikawamiminia kahawa ya kushangilia. Vikombe havijapoa, jua likayanywa mafuta yote, majivu yakarudi, na Monica akarudi amenawiri kuliko mwanzo.

— Umempendezesha, akasema Adelard.

Adelard hutengeneza simu hapo jirani, na kwa sababu hiyo huitwa Profesa. Akatueleza kwa kirefu kwamba plastiki ina mafuta yake ndani, yanataka joto ili yapande juu. Akaazima drayer ya saluni, akavuta waya mrefu, akaanza kupuliza. Na kweli, kijivu kikaanza kuwa cheusi. Ila na jina nalo likazidi kuwa jeusi, tena la kung'aa.

— Usipulize jina, Profesa, Khalfani akasema.

— Sasa nitapulizaje pembeni ya M bila kuipuliza M yenyewe?

Mie nikauliza kwa nini wasipige rangi tu yaishe. Wakanitazama kama nimetukana. Profesa akasema rangi juu ya plastiki ni kazi ya watu wasiosoma, ingebanduka wiki hiyohiyo. Nikarudi kwenye birika langu.

Ndipo Waziri akasimama. Alisema toka asubuhi tunakosea upande. Dawa si kuyafanya majivu yawe meusi, dawa ni kumpausha Monica awe majivu. Jetski yote ifunikwe khanga, jina peke yake liachwe nje, jua limalizie kazi liliyoibakiza.

— Itachukua muda gani? Khalfani akauliza, kwa mara ya kwanza siku ile uso wake umefunguka.

— Huko kwingine kumechukua muda gani kupauka?

— Miaka mitano, labda.

— Basi mitano.

Khalfani akakaa kwenye ndoo, akatazama barabara. Jua lilikuwa limeshapinda. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Najma akisema hapana, chombo anakiuza, anarudi kwenye gari la bosi mpaka astaafu. Hakuna aliyemtania. Waziri akakuna kidevu, kisha akatoa tamko la mwisho:

— Tutamwambia ni aina ya injini.

Profesa akaafiki palepale. Walikuwa bado wanabishana injini hiyo inatoka nchi gani Najma alipotokea, kilemba kichwani na vumbi miguuni. Akamwamkia Waziri, akanisalimia, akaizunguka jetski pole pole. Akagusa ubavu, akanusa kidole.

— Monica ndo nani?

Khalfani akainamia tela, akaanza kulifuta kwa kitambaa chake. Waziri akamwokoa.

— Si mtu, mwanangu. Ni aina ya injini. Hizo ni za Norwei.

— Hazifi hizo, shemeji, Profesa akaongezea.

Najma akatikisa kichwa kama aliyeelewa.

— Sawa. Inawaka?

Waziri akaangalia ndani ya kikombe chake. Profesa akaanza kukunja waya wa drayer. Toka asubuhi sote tumekuwa hapo, mie nikiwemo, na hakuna aliyewaza hilo.

— Muuzaji alisema inawaka, Khalfani akajibu.

— Uliisikia?

— Nilimsikia yeye.

Akajitetea kwamba muuzaji alimkanya asiiwashe nchi kavu, injini inapozwa na maji. Najma akavua ndala, akashika chuma cha tela.

— Basi sukumeni.

Tukasukuma, kijiwe kizima, mpaka ufukweni, mpaka maji yakatufika kiunoni. Najma akapanda yeye. Akabonyeza kitufe, kimya. Akabonyeza tena, ikakohoa moshi. Mara ya tatu ikanguruma, ikatumwagia maji sote, Waziri akapiga kelele za mtoto. Najma akaenda mbele kidogo, akageuka kwa shida, akarudi kwetu kichwa wazi, kilemba kimeenda na maji, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

— Huyo Monica mwacheni alipo, akasema. Anajua kazi. Wewe kesho kutwa kawaage kazini.

Khalfani akakaa palepale majini, na suruali yake ya ofisini, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kochi.