Matanga ya Mrusha Mpira

Basi la kutoka Lackawanna lilikuwa na nafasi tele, lakini Mama Clémence alikuja kukaa karibu na Nshombo, mtu asiyemjua, kwa sababu ya sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa magotini pake.

"Baba, unapeleka ku harusi?"

"Ku matanga. Ya Denny, ule mrusha mupira wa besiboli. Amekufa kwao Louisville, basi mimi namufanyia matanga huku. Mimi nafagia uwanja wake hapa Buffalo."

Clémence akacheka hadi dereva akageuka. "Ule mulevi? Kanisa ilitupeleka kumuona, donc. Anarusha mupira kama radi, kisha anatupa glavu chini, hata hasalimie watu. Ule ndiye unalilia?"

"Hakukuwa mulevi, Mama. Mbele ya kila mchezo alikuwa anatapika sababu ya woga. Mimi ndiye nilikuwa napangusa."

Clémence akaitazama ile sufuria upya. "Bon. Na nani atakuja?"

"Sijui. Nimeazima viti vya kanisa."

"Vyote? Basi viti ndivyo vitalia. Wazungu hawajue matanga, na sisi hatujue besiboli."

Tangu asubuhi Nshombo alikuwa akiogopa hilo hilo: mtu afe, na asipate hata mmoja wa kumkalia matanga.

Basi likasimama East Side. Alishuka, sufuria kifuani, na sauti ikamfuata mlangoni.

"Baba! Uniwekee kiti moja, kule nyuma kabisa. Sijasema nitakuja!"

Mlango ukafungwa.