Kufuli la Bomba la Nje

Sogeeni, wanangu, na huyo aliyeegemea mlango aache simu, maana pumzi nilizobakiwa nazo ni chache na sitazitumia kurudia maneno. Siku tatu nimelala hapa nikisikiliza manung'uniko yenu. Shawa ya juu haina nguvu, foleni ya ndoo inaziba njia ya gari, kizingiti kimeloa, soksi zimeloa. Soksi, jamani! Baba yenu anakufa, nyinyi mnaomboleza soksi. Kisha leo asubuhi nikasikia kimya. Miaka arobaini nimeamshwa na ndoo zikigongana nje ya dirisha hili. Leo sikuzisikia, nikadhani nimeshakufa. Kumbe ni wewe, mwanangu mkubwa, umelitia bomba la nje kufuli.

Nyamaza, usijitetee. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyezaliwa nyumba yenye bomba hajui uzito wa ndoo kichwani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata marehemu mama yenu sikumwambia. Mmekua mkisikia mtaa mzima ukinisifu, eti fundi bomba mwenye moyo, kajenga nyumba yake na koki ya kwanza kawapa majirani. Uongo mtupu. Nilikosea! Mimi niliyepitisha mabomba nusu ya nyumba za mtaa huu, nililisimamisha bomba la jiko langu kabla ya ukuta, nikapima kutoka kamba ya mwashi isiyo ya ukuta huo kwa sababu nilikuwa nimenuna, na nilinuna kwa sababu chai ilikuwa haina sukari. Ukuta ulipopanda, koki ikabaki nje, barabarani. Nikamtukana mwashi, na mpaka leo simwamkii. Nikaapa kwamba kukicha naling'oa.

Asubuhi natoka na spana mkononi, namkuta Mama Dobi wa nyumba ya nyuma, mimba ya miezi minane, ndoo yake imeshajaa. Nguo za watu alizokuwa akifua alizifulia maji ya kisima cha bondeni, safari sita kwa siku, kushuka na kupanda. Akalia pale pale. "Fundi," akasema, "Mungu akuone kama ulivyoniona mimi." Wanangu, mimi sikuwa nimemwona mtu! Nilikuwa nimeiona chai yangu tu. Nikaificha spana mgongoni, nikasema karibu, mama, chota. Niliona haya, na haya ile ndiyo iliyonifanya mtu. Kununa sikuacha, mnanijua, lakini kila nikinuna nilichungulia dirishani kwanza, na mara nyingi nilirudi kuinywa chai hivyo hivyo.

Na mama yenu alipolala miezi mitano hajiwezi, mashuka yake alifua nani? Wewe ulikuwa na kazi, dada yako alikuwa na safari, sikulaumu. Alifua yule mama, kila siku, kwa maji ya kosa langu. Leo ni bibi wa magoti mabovu, na kufuli lako limemrudisha bondeni. Nasema nawe, mkubwa! Nitazame.

Basi... nipeni maji kidogo. Vyumba vya juu ni vyako, pamoja na shawa yako goigoi. Vya chini ni vya dada yako. Kitinda mimba achukue mkoba wa spana, ajifunze kuziba panapovuja badala ya kulalamika kuwa panavuja. Bomba la nje halirithiwi, wala simwachii mtu, na atakayelifunga tena radhi zangu hana. Mwashi mwambieni kamba niliikosea mimi, anisamehe. Lawama yenu nami naibeba, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi niliwalea karibu mno na maji.

Nenda kafungue, mkubwa. Wewe mwenyewe, si dada yako. Kisha umwite yule mama, umchukulie ndoo mpaka mlangoni kwake, na akikushukuru, uone haya kama nilivyoona mimi. Nyinyi wawili... dirisha, lifungueni. Mungu awape riziki, awape na macho. Awaweke pamoja. Nimewaridhia wote, hata wa soksi.

Ngoja... maji hayo. Yanaingia. Ndoo tupu hiyo, naijua kwa sauti. Usifunge, mwanangu... usifunge. Bado haijajaa.