Bendi Siwaachii Ninyi

Sogezeni viti karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba vua hiyo miwani ya jua, humu ndani hakuna jua wala mashabiki, kuna baba yako anayekufa. Zimeni simu. Maneno yangu ni machache na pumzi ni chache zaidi, sitaki nikate roho huku mmoja wenu anajipiga picha.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka naye aitwe, hilo halina mjadala. Magita, ngoma na spika gawaneni mtakavyo, mkishindwa gombaneni, si ndiyo kazi mnayoiweza. Ila bendi siwaachii ninyi. Usijikohoze, binti yangu, umesikia vizuri.

Mnajiita wasanii. Wasanii wa wapi? Harusi ya saa nane mnafika saa tisa na nusu, waalikwa wameshakaa, ndipo mnaanza kupima sauti, "moja mbili, moja mbili," masikioni mwa bibi kizee wa watu. Binti yangu, gita unalijua, sikufichi, lakini mwenzako akiimba unampigia juu yake kama unafukuza kuku. Kitinda mimba unapiga ngoma huku unatafuna. Na wewe mkubwa, Jumamosi iliyopita kipaza sauti kilikatika, ukasimamisha wimbo ukamtukana fundi mitambo mbele ya maharusi, bibi harusi akabaki amesimama katikati ya ukumbi na shela lake, hajui acheze au aketi. Debe tupu haliachi kuvuma! Nilipoletewa habari hiyo hapa kitandani niliona aibu, halafu nikajiona mwenyewe, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mpiga besi wetu mnamwita Kalemewa, na mnamcheka. Jina hilo nililianzisha mimi, nalo ni la uongo. Mwaka ule mama yenu alikuwa na mimba ya huyu wa mwisho, tukaitwa kupiga kwenye hafla ya kumuaga mwalimu mkuu, mchana kweupe, ukumbi umejaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikuwa nimeshiba sifa, sikusikiliza vyombo, nikaanza kuimba kwa sauti ya juu mno kupita vyombo, wenzangu wako chini kule, mimi niko peke yangu huku juu na sina pa kushika. Bwana yule hakunitazama wala hakukunja uso. Alivuta besi yake mara moja akapanda nilipo, akamtikisia kichwa wa gita naye akafuata, watu wakadhani tumepanga, wakapiga makofi. Lakini walikuwa wakimtazama yeye, nami sikuvumilia. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mtuwie radhi jamani, leo besi imemlemea mwenzetu." Ukumbi mzima ukacheka. Akaweka mkono kifuani, akawainamia watu kana kwamba kosa ni lake kweli, akapiga mpaka wimbo wa mwisho, akakunja nyaya akaenda kwake.

Miaka ishirini na miwili hajaniuliza. Na miaka hiyohiyo nimemchukia, nikamsimamisha nyuma ya spika asionekane, kwa sababu yeye peke yake alijua mimi ni mtu wa namna gani. Ninyi nawadharau, wanangu, lakini kwanza najidharau mimi.

Bendi ni yake. Anayetaka kubaki akamwombe, awahi kufika, asimame atakapoambiwa. Asiyetaka njia anaijua.

Yuko hapo nje, amefika tangu asubuhi, mmempita bila salamu. Mwiteni baba yenu mdogo aingie. Na majirani walioko sebuleni waje, wote, maana nilimvunjia heshima mbele ya watu.

Karibu, ndugu yangu... Kosa... Hasikii. Pumzi inaisha kabla ya neno. Wewe mkubwa, wewe mwenye sauti, simama unisemee. Sema, kosa lilikuwa la baba. Si hivyo, unanong'ona. Watazame watu... Eeh. Hapo sasa.

Mama yenu msimwache peke yake. Mungu kipaji alishawapa, wanangu, awape na adabu... awape na umri wa kuitumia...

Sema tena, mwanangu. Kwa sauti. Nataka niende nikiisikia.