Letisia Nizigama, Aliyegeuka Kila Aliposikia Gitaa (1978–2025)

Marehemu Letisia Nizigama alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Sebastiani na mama Lucia. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1978 huko Rulenge, wilaya ya Ngara, Tanzania. Wazazi wake ni wenyeji wa Butihinda, Muyinga, nchini Burundi. Walikimbilia Rulenge mwaka 1972 wakiwa bado vijana, kila mmoja na watu wa kwao, wakaoana hukohuko. Letisia alibatizwa Krismasi ya mwaka aliozaliwa. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Adventina, ambaye pia ndiye anayeusoma. Aliombwa kwa sababu ana mwandiko unaosomeka. Aliuandika jana mchana, sahani ya maharagwe ikiwa pembeni, akala yote, na hakulia. Wanaomtazama leo wasimshangae.

Letisia alisoma shule ya msingi Rulenge, akamaliza darasa la saba mwaka 1992. Sekondari haikuwezekana. Alijifunza kushona kwa masista kwa miaka miwili, na hao masista ndio waliogundua kwamba mashine yake ilikuwa ikienda kwa mwendo wa wimbo wowote uliokuwa ukipigwa kwenye redio ya jirani. Wimbo ukiwa wa haraka, pindo lilipinda. Sista mmoja alimfumulisha gauni zima mara tatu. Mara ya tatu alimwambia, "Letisia, huyu mpiga gitaa hatalivaa hili gauni."

Kuhusu muziki familia haiwezi kupita kimya, maana ingekuwa kama kumzika mtu mwingine. Letisia hakuwataka waimbaji. Alisema mwimbaji ni wa kila mtu, na mtu wa kila mtu hana wake. Alimhurumia mpiga ngoma kwa jasho lake. Alimheshimu mpiga besi kama mjomba. Lakini mpiga solo, hasa yule anayefumba macho akifika pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kubaki yenyewe, huyo ndiye aliyemmaliza. Kwenye harusi wenzake walikwenda kucheza, yeye akasimama upande wa kushoto wa jukwaa, ambako vidole vinaonekana vizuri. Alimwambia Adventina, "Mwanamume akifumba macho mbele ya watu mia mbili, anakuonyesha uso alionao akiwa peke yake. Wengine unaishi nao miaka ishirini hujauona."

Mwaka 2003 familia ilirudi Burundi, kwenye shamba la babu huko Butihinda. Letisia hakuwa mtu wa jembe. Alikwenda mjini Muyinga akapata kazi katika duka la kushona la Zaituni, mama wa Kiislamu aliyempenda kama mwanawe na kumwekea chakula hata mwezi wa mfungo. Zaituni alikuwa na mdogo wake, Kassimu. Kassimu alipiga gitaa la solo katika bendi ndogo iliyozunguka kwenye harusi za Muyinga, Gasorwe na Buhinyuza. Alifumba macho.

Walipendana miaka miwili. Familia ililijua jambo hilo na haikulisema. Sasa linasemwa kwa sababu mume wake ameomba lisemwe, na amesema kwamba akizika, hataki kufukia uongo.

Kassimu alimwambia Letisia kwamba wangekwenda pamoja Gitega, waoane huko, mbali na maneno ya msikitini na ya kanisani. Siku ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Juni 2006, kituo cha mabasi cha Muyinga, saa mbili asubuhi. Letisia alifika na begi moja na kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye kitenge. Alingoja mpaka saa tisa. Kassimu hakutokea. Letisia alikuwa ameshaaga watu, akaona haya kurudi, akapanda basi la mwisho peke yake. Ndivyo alivyofika Gitega. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na hakuwa na mtu anayemjua katika mji huu.

Alipanga kibanda sokoni, akaweka cherehani na redio. Alishona pale miaka kumi na saba. Sare za shule nyingi za mji huu zimepita mikononi mwake, na wapo hapa leo watu wanaovaa suruali alizozikata yeye.

Dominiko Barutwanayo, fundi mwashi wa Gitega, alifika kibandani Februari 2008 na suruali iliyochanika gotini. Letisia alimwambia, "Kaa. Nitaishika wimbo ukiisha." Dominiko alikaa. Ulikuwa wimbo mrefu, wa zaidi ya dakika kumi, naye aliungoja wote. Kesho yake alirudi na suruali nyingine iliyochanika palepale. Juma lililofuata alileta ya tatu. Letisia aliigeuza akaiangalia, akamwambia, "Baba, hii imekatwa na kisu." Dominiko akajibu, "Ndiyo. Sina ingine ya kupasua. Sasa mi nitakuwa nakuja bure."

Kabla ya ndoa Letisia alimweleza habari za kituo cha mabasi. Dominiko aliuliza swali moja tu.

"Iko bado unamungoja?"

"Hapana. Ila nikisikia gitaa, nageuka."

"Basi geuka tu," alisema Dominiko. "Mi niko hapa ukirudisha shingo."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Aprili 2009, hapa Gitega. Mungu aliwapa watoto wawili, Anisia mwaka 2010 na Crispin mwaka 2013. Dominiko alijenga nyumba yao chumba kimoja kimoja, kila mwaka wenye kazi chumba. Mji ulipofanywa makao makuu ya nchi, kazi ziliongezeka, na nyumba ikapata sebule.

Novemba 2023 Letisia aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji Bujumbura mwezi wa Januari uliofuata, akarudi kibandani Juni. Mwanzoni mwa mwaka huu ugonjwa ulirudi, ukiwa umeingia kwenye mifupa. Waganga wa hospitali walimpa dawa za maumivu wakamruhusu kukaa nyumbani. Adventina alihamia Gitega kumuuguza. Kazi zilikuwa nyingi na alizifanya: kumgeuza, kumwosha, kupika uji, kuhesabu vidonge. Hakumbuki kama alikuwa na huzuni. Anakumbuka vidonge.

Siku moja ya Juni, Letisia alisema angependa kusikia gitaa mara moja, la mtu aliyekaa karibu, si la simu. Dominiko alimuuliza, "La nani, Mama Anisia?" Letisia aligeukia ukuta. Dominiko alivaa koti.

Mafuta yalikuwa haba na mabasi hayakuwa yakienda. Alipanda lori la mkaa mpaka Karuzi, akalala huko, akafika Muyinga siku ya pili. Zaituni alimwonyesha mahali Kassimu anapouza magodoro. Mazungumzo yao Zaituni aliyasikia, na ndiye aliyeyasimulia.

"Mi niliacha gitaa zamani," alisema Kassimu. "Hata sina moja. We ni nani yake?"

"Bwana yake."

"Na we mwenyewe ndo unakuja kuniita?"

"Iko anaumwa," alisema Dominiko. "Dawa wanampa waganga. Chakula anapika mdogo wake. Mi sijaona kitu ingine ya kumupa."

Kassimu alifunga duka. Vijana wa kanisa moja la hapo mjini waliwaazima gitaa, na Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, mchana, wanaume hao wawili waliingia nyumbani Gitega wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Letisia alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Kassimu alimsalimu kwa jina, akaketi kwenye kiti cha Crispin, akapiga nyimbo tatu. Vidole vilikuwa vimekaza. Alifumba macho kama zamani. Dominiko alikaa kizingitini akiangalia nje. Wimbo wa tatu ulipoisha, Letisia aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

Kassimu alilaza gitaa mapajani.

"Nyumbani," alisema. "Nilikuwa nimevaa viatu. Nilikaa kwa kitanda na viatu mpaka nikasikia basi ya mwisho imepita. Niliogopa, Letisia. Hakuna ingine."

"Miaka yote nilidhani umekamatwa, au umekufa barabarani. Halafu nikasikia unapiga Gasorwe."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe nikiwa na kazi nyingi, sikumbuki lini. Rudia ule wa pili. Mwanzo wake umeukimbiza."

Kassimu aliurudia polepole. Katikati ya wimbo Letisia aliita, "Baba Anisia, njoo ukae huku." Dominiko alitoka kizingitini akakaa kitandani, na Letisia akamwekea miguu mapajani. Alipenda miguu yake ishikwe, kwa sababu ilikuwa baridi siku zote.

Mgeni alipoondoka, Adventina alimuuliza dada yake amejisikiaje. Letisia alifikiri.

"Nilijua nitalia," alisema. "Sikusikia kitu. Ni mtu tu mwenye mikono mizuri. Lakini umemwona Baba Anisia? Amekuja na gitaa la watu magotini toka Muyinga, na hajui hata linashikwa upande gani."

Baada ya hapo hakuomba tena muziki.

Letisia alifariki Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Adventina alimfumba macho, akatandika shuka safi, akaandika saa kwenye daftari la vidonge. Dominiko alitoka nje akaumwagilia maji ukuta alioujenga jana yake, kwa sababu saruji isiponyweshwa hupasuka. Akaumaliza wote, kisha akaingia kuwaamsha watoto. Machozi hayajafika bado katika nyumba hii. Tunadhani yako njiani.

Ameacha mama yake, Lucia, aliyeko Butihinda na ambaye miguu haikumruhusu kusafiri. Mume wake, Dominiko. Watoto wake, Anisia na Crispin. Na mdogo wake, Adventina. Baba yake, Sebastiani, alimtangulia mwaka 2011. Familia inamshukuru mama Zaituni aliyetoka Muyinga na wanawake wa msikitini kwake, walioingia jikoni juzi bila kuuliza chumvi iko wapi. Kassimu ametuma rambirambi. Alisema hataweza kufika, na familia imempokea hivyo.

Leo, kabla ya udongo wa kwanza, Dominiko ameomba aimbe ubeti mmoja. Hajawahi kuimba mbele ya watu. Kwaya inaombwa isimsaidie, hata akipotea. Mwacheni afike mwisho.

Mungu ampe Letisia wetu pumziko lisilo na maumivu, na amani ikae naye.