Nyasi za Shamba la Magadi

"Shamba lile limeshakufa, jirani, na wewe ndiye uliyelimwagia majivu," alisema fundi cherehani. Walikaa mbele yangu basini, na masikio yangu hayana adabu.

Mwenzake, mfugaji, alikumbatia gunia la vishina vya nyasi. "Majivu nilikosea. Udongo ulishajaa magadi, nami nikauzidishia, mahindi yakageuka manjano. Lakini nyasi hizi nimezing'oa kando ya bwawa la magadi, penye ukoko mweupe, nazo kijani kibichi. Chumvi ya udongo zinaitoa kupitia majani. Ukilamba unaisikia."

"Kwa hiyo umefikia kulamba nyasi."

"Nimelamba. Na ng'ombe wangu wamezila."

"Wauze, mwenzangu, kabla hawajabaki mifupa."

"Siuzi. Maziwa yao ndiyo yanayosomesha wajukuu zangu. Nyasi hizi nitazipanda shambani, na zitaota."

Abiria wa nyuma akashauri apande mkonge. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Basi likasimama. Fundi akashika upande wa pili wa gunia, akishuka huku anaapa kwamba hata jani moja halitachipua.

"Ingia kwangu ule kwanza," mfugaji akamwambia, "uje unibishie shambani ukiwa umeshiba."